KUPANGA NI KUCHAGUA: CHUMBA, NAULI NA SAA ZA MTU WA DAR ES SALAAM



Kila mwanzo wa mwaka, na kila baada ya mahafali ya vyuo, vijana hutuletea swali moja, na mara nyingine wazazi wao ndio hulileta. Kijana amepata kazi katikati ya Jiji la Dar es Salaam. Je, apange wapi? Kuna chumba Chanika, kikubwa, chenye hewa na ua wa kuanikia nguo, kwa bei ambayo mshahara wa kuanzia unaimudu. Kuna chumba Ilala, kidogo, katika nyumba yenye wapangaji wengi, kwa bei maradufu. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita au ya mwaka mzima kwa mkupuo, na dalali naye anasubiri ujira wake, ambao kwa mazoea ni kodi ya mwezi mmoja. Fedha ikishatoka mkononi, kijana amefungwa mpaka muda wake uishe.

Kwa juu juu swali hili ni la hesabu za mfukoni tu. Sisi tunaona kwamba lina historia yake, tena historia ndefu kuliko umri wa babu zetu, na kwamba mtu aijuaye historia hiyo huchagua vizuri zaidi kuliko yule anayefuata bei peke yake. Juma hili, basi, tuitazame historia hiyo kwa utulivu, kisha turudi kwenye hesabu.

SHERIA ILIPOMPANGIA MTU MAHALI PA KULALA

Mji wa Dar es Salaam ulianzishwa na Sultani Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860, kando ya kijiji cha Mzizima. Majid alifariki dunia mwaka 1870, na mji ukapooza. Ni Wajerumani walioufufua, na mwaka 1891 wakaufanya makao makuu ya koloni lao badala ya Bagamoyo. Mwaka huohuo walitunga kanuni za ujenzi zilizougawa mji katika kanda tatu. Kanuni hizo hazikusema, “Mtu wa rangi hii akae hapa.” Zilitaja aina ya majengo: huku nyumba za mtindo wa Kizungu, kule nyumba za namna nyingine, na kule mbali zaidi nyumba za udongo na makuti. Matokeo yake, hata hivyo, yalikuwa yaleyale, kwa kuwa aina ya nyumba ambayo mtu aliweza kuijenga ilitegemea mali aliyonayo, na mali ilitegemea nafasi aliyopewa na utawala.

Waingereza waliuteka mji mwezi Septemba 1916, na katika utawala wao waliuendeleza mpango huo wa kanda. Ndipo yalipoimarika majina ambayo wazee wetu waliyatumia kila siku: Uzunguni kando ya bahari, Uhindini penye maduka, na Uswahilini kwa waliobaki. Eneo la wazi la Mnazi Mmoja liliachwa kwa makusudi kati ya Uhindini na Kariakoo, liwe kama ukuta usio na mawe. Kariakoo yenyewe ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, “Carrier Corps”, waliopiga kambi pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza.

Katika mwaka huohuo wa 1891, kule Roma, Baba Mtakatifu Leo XIII alitoa waraka wake wa Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi. Waraka ule ulizungumzia ujira unaotosha maisha ya mfanyakazi na familia yake, na haki yake ya kupumzika. Haukuandikwa kwa ajili ya Dar es Salaam, bali kwa kuzitazama nchi zilizokuwa zimejaa viwanda. Hata hivyo swali lake lilikuwa linaanza kuzaliwa katika mji wetu mwaka uleule: je, mtu akishamaliza kazi ya mwajiri, anabakiwa na kiasi gani cha siku, na kiasi gani cha nguvu, kwa ajili ya watu wa nyumbani kwake?

CHUMBA CHA KARIAKOO

Kwa vizazi viwili vya mwanzo jibu la swali hilo lilikuwa jepesi kidogo, kwa sababu mji ulikuwa mdogo. Kutoka Kariakoo hadi bandarini ni mwendo wa miguu usiozidi saa moja. Na ukaribu huo haukuwa anasa. Kazi nyingi za bandarini zilikuwa za kutwa. Mtu alikwenda asubuhi kutafuta kibarua, na asiyekuwapo wakati wa kuitwa alilala njaa. Neno kibarua lenyewe maana yake ni barua ndogo, yaani kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Kwa mtu wa namna hiyo, kulala mbali na bandari kulikuwa sawa na kukosa kazi.

Nani aliwapa watu hao mahali pa kulala? Kwa sehemu kubwa hakuwa mwajiri, wala hakuwa mtawala. Alikuwa mwenye nyumba wa Kiswahili, Mwafrika mwenzao, na katika Kariakoo baadhi ya wenye nyumba hao walikuwa wanawake. Nyumba ya Kiswahili tunaijua sote: mlango wa mbele, ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba vitatu upande huu na vitatu upande ule, kisha ua wa nyuma wenye jiko, choo na mahali pa kufulia. Mwenye nyumba alikaa chumba kimoja au viwili, na vilivyobaki alivipangisha. Nyumba hiyo ilikuwa na dhiki zake, kwani watu walibanana, foleni ya choo ilikuwa ndefu, na ugomvi wa maji haukukosekana. Lakini ilimweka kibarua karibu na kazi yake, na ilimweka chini ya paa moja na mtu aliyemjua kwa jina na aliyejua kama juzi amekula au hakula.

Ukaribu wa kazi haukutosha kumkomboa mtu. Mgomo wa wafanyakazi wa bandari wa mwaka 1947, ambao ulisambaa nje ya Dar es Salaam kwa kufuata njia ya reli, ulitokana na ugumu wa maisha wakati mishahara haikulingana na bei za vitu. Tunalitaja jambo hili ili tusiupambe wakati uliopita kuliko ulivyokuwa. Hata hivyo, mfanyakazi wa wakati ule alipodai haki yake alidai juu ya mshahara, bei na masharti ya kazi. Hakuhitaji kudai juu ya nauli. Kodi ya njia ilikuwa bado haijazaliwa.

MWALIMU NA NJIA YA PUGU

Mtu mmoja ambaye sisi Wakatoliki wa Tanzania tunamkumbuka kwa namna ya pekee aliijua mapema kodi hiyo ya njia. Mwalimu Julius Nyerere, aliporudi kutoka masomoni Uingereza, alifundisha katika shule ya Kikatoliki ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, kilomita zipatazo 20 kutoka mjini. Pugu ni mahali penye kumbukumbu nzito kwetu. Ndipo Wamisionari Wabenedikto walipoanzisha misheni yao mwaka 1888, na ndipo baadhi yao walipouawa mwezi Januari 1889 wakati wa vita vya pwani dhidi ya Wajerumani.

Basi Mwalimu alikuwa na kazi Pugu, na nyumba, na mkewe, Mama Maria, ambaye walifunga ndoa mwezi Januari 1953. Lakini TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954, ilizaliwa Kariakoo. Mikutano ilikuwa mjini na watu walikuwa mjini, wakati mwalimu wa zamu alitakiwa kuwa Pugu. Wazee wanasimulia safari zake za kwenda na kurudi, mara nyingine kwa miguu. Hali hiyo haikuweza kudumu. Mwaka 1955 alitakiwa achague kati ya ualimu na siasa, akajiuzulu ualimu, akaupoteza mshahara wake wa uhakika. Baadaye aliishi Magomeni, katika nyumba ambayo leo ni makumbusho.

Tumezoea kulisimulia tukio hili kama habari ya siasa, na ndivyo lilivyo. Lakini ndani yake mna jambo dogo la kibinadamu ambalo kila mpangaji anaweza kulielewa. Mtu hawezi kuwa na makazi mahali pamoja na moyo wa kazi yake mahali pengine, umbali wa kilomita 20, bila kitu kimoja kulipa gharama. Mwalimu alilipa kwa mshahara. Wengi wetu tunalipa kwa usingizi, kwa afya, au kwa watoto wanaokua bila kutuona.

KUTOKA DMT HADI DALADALA

Katika miaka ya 1940 na 1950 mji ulianza kupanuka. Serikali ya kikoloni ilijenga nyumba za Waafrika zilizoitwa kota katika sehemu za Ilala, Temeke na Magomeni. Magomeni iko ng'ambo ya bonde la Msimbazi, na kwa mara ya kwanza mkazi wa kawaida alianza kulihitaji basi ili afike mjini. Kampuni ya DMT ndiyo iliyoendesha mabasi wakati huo.

Baada ya Uhuru, Shirika la Nyumba la Taifa liliundwa mwaka 1962, na mojawapo ya kazi zake za mwanzo ilikuwa kubomoa nyumba za udongo na kujenga mpya, hasa Magomeni. Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani inayozidi shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba, ambaye shughuli zake ziliunganishwa na Shirika la Nyumba mwaka 1990. Waliobahatika kupata fleti za Msajili waliishi katikati ya mji kwa kodi nafuu. Lakini bahati hiyo ilikuwa ya wachache. Sensa ya mwaka 1967 ilihesabu watu zaidi ya 270,000 Dar es Salaam, na kila mwaka waliongezeka. Viwanda vilijengwa kandokando ya barabara ya Pugu na kule Ubungo, ambako kiwanda cha nguo cha Urafiki kilianza kazi mwaka 1968. Watu wakaifuata kazi, na Manzese ikajaa nyumba ambazo hakuna mchoraji ramani aliyezipangia mitaa.

Wakati watu walipokuwa wanasogea mbali, mabasi yalikuwa yanapungua. DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA. Kisha ikaja dhiki ya mafuta, vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, na ukosefu wa fedha za kigeni za kununulia vipuri. Basi likiharibika liliegeshwa, na lililoegeshwa liligeuka kuwa duka la vipuri la mengine. Watu walisimama vituoni saa nzima, wakapanda malori yaliyobatizwa jina la chai maharage, kwa kuwa abiria walikaa wakitazamana kama watu walio mkahawani. Mwaka 1983 Serikali iliruhusu rasmi magari ya watu binafsi kubeba abiria mjini. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu waliiita dala. Hivyo ndivyo daladala lilivyopata jina lake.

Daladala liliubadilisha mji kuliko ramani yoyote. Popote gari lilipoweza kufika, watu walijenga, na mwenye kujenga alipangisha. Mji ukanyooka kama vidole vya mkono kufuata barabara nne: ya Bagamoyo kuelekea Tegeta na Bunju, ya Morogoro kuelekea Kimara na Mbezi, ya Pugu kuelekea Gongo la Mboto na Chanika, na ya Kilwa kuelekea Mbagala na Kongowe. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuja mradi wa viwanja 20,000, ambao uligawa viwanja huko pembezoni, Bunju, Tuangoma, Kibada na kwingineko. Kufikia sensa ya mwaka 2012 mkoa ulikuwa na watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Ofisi, mahakama, hospitali kuu na soko kuu kwa sehemu kubwa zilibaki kule kwenye kiganja cha mkono.

Kweli, juhudi za kuufupisha umbali hazikukosekana. Treni za abiria za mjini zilianza mwezi Oktoba 2012. Mwaka 2016 lilifunguliwa daraja la Kigamboni, na mwaka huohuo mabasi yaendayo haraka yalianza kazi kati ya Kimara na Kivukoni. Mwezi Juni 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, ikapewa stesheni Pugu, katika njia ileile ambayo reli ya Wajerumani iliifungua ilipofika Morogoro mwaka 1907.

ANAYENGOJA MJI NA ANAYEPANGA

Hapa, ndugu wapendwa, historia inatufundisha jambo ambalo madalali hawatatuambia. Sinza na Kijitonyama zilipopimwa katika miaka ya 1970, kwa mradi uliosaidiwa na Benki ya Dunia, zilionekana kuwa mbali. Leo ni katikati ya mji. Aliyenunua kiwanja wakati ule alivumilia vumbi, giza na ukosefu wa mabasi, na mji ukamfuata nyumbani kwake na kumtajirisha. Kutokana na mfano huo watu huwaambia vijana: “Nenda mbali, vumilia, mji utakufuata.”

Ushauri huo ni mwema kwa mwenye kiwanja. Kwa mpangaji si mwema hata kidogo. Barabara ya lami ikifika, mwenye nyumba ndiye anayefaidi, kwa kuwa thamani ya nyumba yake inapanda, na mpangaji anaongezewa kodi. Akishindwa kulipa anahamia mbele zaidi, ambako lami bado haijafika, na kuanza upya. Mtu aweza kupanga miaka ishirini huku akisukumwa na maendeleo yaleyale aliyoyavumilia vumbi lake. Uvumilivu wake umeivisha matunda katika shamba la mwingine. Kwa hiyo anayekwenda mbali ili ajenge na anayekwenda mbali ili apange hawafanyi jambo moja, ingawa wanapanda gari moja.

Historia inatufundisha jambo jingine kupitia watu wa bonde la Msimbazi. Mwezi Desemba 2011 mafuriko makubwa yaliikumba Dar es Salaam, yakaua watu na kuzibomoa nyumba za Jangwani na mabonde mengine. Serikali iliwapa waathirika viwanja huko Mabwepande, zaidi ya kilomita 25 kutoka walikokuwa wakiishi. Ardhi ilikuwa kavu na salama. Hata hivyo baadhi yao walirudi bondeni. Wapo waliowalaumu kwa ukaidi na kuwaita wasiosikia. Sisi tunadhani walipiga hesabu. Mama anayenunua samaki Feri alfajiri na kuwauza mtaani kabla ya mchana hawezi kuishi Mabwepande na kuendelea na biashara ileile. Walipima hatari ya maji, inayokuja mara moja kwa miaka kadhaa, na hatari ya njaa, inayokuja kila jioni. Hatuwashauri watu wakae mabondeni, kwa maana uhai hauna mbadala. Tunachosema ni kwamba kumpa maskini nyumba mbali na riziki yake ni kumpa nusu ya nyumba.

Mfano mwingine wenye heri zaidi ni ule wa Magomeni Kota. Wakazi wa kota zile za zamani waliondolewa ili pajengwe upya, wakangoja miaka mingi, na mwaka 2022 zikazinduliwa nyumba za ghorofa kwa ajili ya kaya 644 za wakazi wale wale, mahali pale pale. Mji unaweza, basi, kumrudisha mtu wa kawaida katikati yake, pakiwapo nia.

HESABU TATU

Turudi kwa kijana wetu. Tunamshauri asitazame kodi moja, bali kodi tatu: ya chumba, ya njia na ya saa.

Tuchukue mfano, na kila mtu aweke tarakimu zake mwenyewe. Tuseme chumba cha mbali ni shilingi 60,000 kwa mwezi, na cha karibu ni 120,000. Aliye mbali anapanda magari mawili kwenda na mawili kurudi, kwa shilingi 800 kila moja. Ni shilingi 3,200 kwa siku, na kwa siku 26 za kazi ni 83,200. Jumla yake na kodi ni 143,200. Aliye karibu anapanda gari moja kwenda na moja kurudi, kwa shilingi 600. Kwa mwezi ni 31,200, na jumla ni 151,200. Chumba kilichoonekana kuwa nusu ya bei kimegeuka kuwa na nafuu ya shilingi 8,000 tu.

Sasa tuhesabu saa. Aliye mbali anatumia saa mbili kwenda na saa mbili kurudi. Kwa siku 312 za kazi katika mwaka ni saa 1,248, yaani siku 52 kamili, mchana na usiku, ndani ya gari au kituoni. Aliye karibu, akitumia nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, anatumia saa 312, yaani siku 13. Tofauti yao ni siku 39 kila mwaka. Kwaresima nzima haizidi hapo sana. Kwa shilingi 8,000 za mwezi, kijana amezitoa siku 39 za maisha yake.

Hatusemi kwamba karibu ni bora daima. Mwenye familia ya watoto wanne hatoshi katika chumba kimoja cha Ilala. Anayefanya kazi za zamu, au anayeweza kuipanga ratiba yake nje ya saa za msongamano, hesabu yake ni nyingine. Anayeweka akiba ya kweli kwa ajili ya kiwanja, tena akiba iliyoandikwa na isiyoguswa, ana sababu ya kuvumilia. Lakini avumilie akijua anachokilipa.

Kabla ya kutoa kodi ya miezi sita, basi, na afanye mambo machache. Kwanza, aifanye safari yenyewe siku ya kazi, saa ya kazi. Safari ya Jumapili mchana aliyopelekwa na dalali haina ushahidi wowote. Pili, aulize gari linaanzia wapi. Aliye karibu na kituo cha mwanzo hupata kiti. Aliye katikati ya njia huyaona magari yakipita yamejaa, na ndiyo maana watu hugeuza nayo, wakalipa nauli ya kurudi nyuma hadi mwanzo wa njia ili wapate pa kukaa. Tatu, aulize habari za masika, kwa kuwa barabara ya Morogoro pale Jangwani imefungwa mara nyingi Msimbazi ilipofurika. Nne, asisahau kipande cha mwisho, kutoka barabara kuu hadi mlangoni. Bodaboda ya kila usiku ni kodi ya nne. Tano, kama ni msichana, aulize giza la njia hiyo linaanza saa ngapi, naye atafika saa ngapi.

NENO KWA WENGINE

Lisingekuwa jambo la haki kumwachia mpangaji mzigo wote. Mwenye nyumba anayedai kodi ya mwaka kwa mkupuo anamnyima mwenzake nafasi ya kuhama pale kazi inapohama. Wenye nyumba wa zamani wa Kariakoo walilala ukumbi mmoja na wapangaji wao, na jambo hilo peke yake liliwafundisha kiasi. Mwajiri anayemtaka mtu saa moja na nusu asubuhi kwa mshahara unaompeleka Chanika anapaswa kujua kwamba siku ya mtu huyo imeanza saa kumi alfajiri.

Na sisi wa parokia tunalo la kwetu. Maaskofu wa AMECEA katika mkutano wao wa mwaka 1976 walizifanya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Jumuiya hizo zimejengwa juu ya ujirani, yaani mahali mtu anapolala. Lakini anayetoka saa kumi na nusu alfajiri na kurudi saa tatu usiku analala pale bila kuishi pale. Tusiharakishe kumwita mvivu wa jumuiya. Tumtafute kwa saa zake, tena tumuulize anasafiri kutoka wapi.

Mwaka 1969 Mwalimu alitoa hotuba juu ya mpango wa pili wa maendeleo, iliyojulikana kwa jina la Kupanga ni Kuchagua. Yeye alikuwa akizungumzia mipango ya taifa. Lugha yetu, kwa bahati njema, imelitumia neno hilohilo kwa mtu anayetafuta chumba. Taifa likipanga, linachagua litakachokikosa ili lipate kingine. Na mpangaji naye ni vivyo hivyo. Kwa muda mrefu watu wa mji huu walichaguliwa na sheria mahali pa kulala, kisha wakachaguliwa na bei. Nafasi ndogo ya kuchagua iliyobaki mikononi mwa kijana na aitumie macho yakiwa wazi, akiwa ameziandika kodi zote kwenye karatasi moja, na saa zake zikiwa za kwanza katika orodha hiyo.